Ufadhili wa Kwenda na Kurudi: Funzo la Abdus Salam

Kila mara mmoja wa wenzangu niliosoma nao kompyuta chuoni anapopata ufadhili wa utafiti ng'ambo, swali huwa ni lile lile: atarudi? Leo hebu tumwangalie mtu aliyelijibu kwa kuupanga upya ufadhili wenyewe.

Abdus Salam alizaliwa mwaka 1926 huko Jhang, mji ulioko Pakistani ya leo. Baada ya masomo ya Cambridge alirudi nyumbani mwaka 1951 kufundisha Lahore. Alikuwa mbali na wenzake wa fizikia, hana wa kujadiliana naye. Mwaka 1953 kukazuka ghasia dhidi ya Waahmadiyya, dhehebu lake. Mwaka 1954 akarejea Uingereza. Nchi ikampoteza.

Hakutaka wengine walazimike kuchagua kati ya taaluma na nyumbani. Mwaka 1964 alianzisha kituo cha fizikia, ICTP, mjini Trieste, Italia. Mpango wake wa washirika ni rahisi: mwanasayansi wa nchi inayoendelea anabaki na kazi yake kwao, lakini kwa miaka kadhaa anagharamiwa kwenda Trieste mara kwa mara, akae majuma au miezi michache, kisha arudi.

Sisi watu wa programu tunahusikaje? Mwaka 1985, wakiwa Trieste, Roberto Car na Michele Parrinello walichapisha njia ya kuiga mwendo wa atomu kwa kompyuta, nguvu zake zikikokotolewa kutokana na elektroni. Baadaye mji huo huo ukawa kitovu cha Quantum ESPRESSO, programu huria yenye leseni ya GPL. Hapo ndipo mpango wa Salam unapopata meno: mgeni akirudi kwao haachi zana nyuma. Msimbo ni ule ule, na ana ruhusa ya kuusoma na kuubadilisha.

Mwaka 2012 safari iligeuka. Shule ya ASESMA, inayofundisha Waafrika ukokotoaji huu, ilifanyika Eldoret, wakufunzi wakatufuata huku. Mwaka 2018 taasisi mshirika wa ICTP ikafunguliwa Kigali.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukiomba ufadhili usiulize posho tu. Uliza kama utaalikwa tena, na kama utarudi na msimbo. Salam alipata Nobel mwaka 1979, lakini kwangu mimi mlango ule wa kwenda na kurudi ndio urithi wake mkubwa.