Ifahamu SAUT, chuo cha Nyegezi kilichoanza kabla ya Uhuru

Ukitoka Shinyanga au Geita kwenda Mwanza, barabara zote mbili zinakutana Usagara. Mbele yake ni Nyegezi, na jirani hapo, Malimbe, ndiko yaliko makao makuu ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino Tanzania, maarufu kama SAUT. Vijana wengi wa Kanda ya Ziwa wamesoma pale, ila si wote wanajua kilikotoka.

Kilianza kidogo tu

Mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya Uhuru, Askofu Joseph Blomjous wa Mwanza, Mholanzi wa shirika la White Fathers, alianzisha chuo kidogo cha mafunzo ya jamii Nyegezi. Lengo lilikuwa kufundisha watu wote bila kubagua rangi wala dini. Baadaye kikajulikana kama NSTI, na kikapata jina kwa kufundisha uandishi wa habari na uhasibu.

Mwaka 1998 maaskofu Wakatoliki wa Tanzania wakakipandisha kuwa chuo kikuu. Kikazaa na vingine: Mwenge kule Moshi na Ruaha kule Iringa vilikuwa vyuo vishiriki vya SAUT kabla ya kusimama vyenyewe.

Augustino ni nani?

Ni Mwafrika. Alizaliwa mwaka 354 Thagaste, kwenye nchi ambayo leo ni Algeria, akafundisha ufasaha wa kusema kabla ya kuwa askofu. Jiji la Roma lilipovamiwa mwaka 410, watu wakadhani dunia imefika mwisho. Yeye akaandika kitabu kikubwa kuhusu Mji wa Mungu, akieleza kwamba utajiri na dola hupita. Kaulimbiu ya SAUT, kujenga Mji wa Mungu, imetoka huko.

Kazi yake ni nini hasa?

Chuo kinafundisha sheria, ualimu, biashara, habari, uhandisi na mengine. Lakini mwanafunzi hatakiwi kubeba fani yake peke yake. Anakutana pia na falsafa na maadili. Mhasibu ajue hesabu, sawa, lakini ajue pia kukataa hesabu za kupika. Mwandishi ajue kuuliza swali, na ajue kwa nini anauliza. Huhitaji kuwa Mkatoliki kusoma pale.

Dhahabu ina mwisho

Hapa ndipo jambo hili linapowagusa watu wa Shinyanga na Geita. Chuo kilipopanda hadhi mwaka 1998, migodi mikubwa nayo ilikuwa njiani. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, Buzwagi pale Kahama 2009. Lakini Buzwagi ulishafungwa mwaka 2021. Miaka kama 12 tu, basi. Chuo cha Nyegezi kina zaidi ya miaka 60 na bado kinapokea wanafunzi.

Kijana akiona mwenzake ametoka duarani na hela, shule inaonekana ni kupoteza muda. Na tusidanganyane: ada ya chuo binafsi ni mzigo, na digrii haikupi kazi siku hiyohiyo. Kuna familia zinauza mpunga au ng'ombe ili mtoto mmoja tu asome.

Lakini mgodi ukija kijijini, kuna mambo yanahitaji mtu aliyesoma: mkataba wa fidia, maji yanayotiliwa shaka, hesabu za fedha za halmashauri. Kijiji kisipokuwa na mtu wake wa kusoma karatasi hizo, kinasomewa na wengine. Hapo ndipo elimu inayomfundisha mtu kufikiri inapolipa.

Unataka kujiunga?

Angalia mwongozo wa udahili wa TCU ujue sifa za kozi unayoitaka. Fuatilia pia dirisha la Bodi ya Mikopo (HESLB), maana hata wanafunzi wa vyuo binafsi wanaruhusiwa kuomba. Usisubiri siku ya mwisho.

Na kwa watu wa Geita, safari imekuwa fupi. Tangu Juni 2025 Daraja la JPM la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, linapitika. Habari ya kusubiri kivuko imekwisha. Iliyobaki ni kutafuta ada.