Mvumo, mtatariko na ethi: kutaja hitilafu za gitaa la besi

Katika tafsiri za miongozo ya ala za muziki, neno kelele mara nyingi hubebeshwa mzigo usio wake. Besi inayovuma, inayotatarika na inayokwaruza zote huelezwa kuwa "zina kelele", na fundi anayesoma maelezo hayo hapati pa kuanzia. Upungufu huo si wa lugha. Kiswahili kina vitenzi vya kila siku vinavyotenganisha sauti hizo, na kila kimoja huelekeza kwenye chanzo tofauti.

Kuvuma ni kutoa sauti nzito isiyokatika, kama upepo, bahari au nyuki mzingani. Ndicho kitenzi kinachofaa kwa sauti inayopenya kutoka kwenye umeme wa nyumbani. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230 na hezi 50, kwa hiyo mvumo wake husikika hasa kwenye hezi 50 na 100. Kwenye besi ya nyuzi nne, noti ya G katika freti ya tatu ya uzi mnene kabisa ina hezi 49, na uzi mwembamba ukipigwa wazi una hezi 98. Mvumo hujificha nyuma ya noti hizo, ukajitokeza mpigaji anaponyamaza. Besi zenye pikapu ya koili moja huathirika zaidi. Fender Precision ya 1951 ilikuwa hivyo, na pikapu iliyogawanywa mara mbili, iliyoanza kutumika 1957, iliundwa ili koili moja ifute mvumo wa nyingine.

Sentensi ya mteja inapaswa kutafsiriwa kwa ukamilifu, kwa kuwa utambuzi wa hitilafu umo ndani ya kishazi chake cha mwisho. "Besi inavuma, lakini mvumo unapungua nikishika nyuzi" humaanisha kwamba waya zimeungwa sawa ila kinga ya ndani ni hafifu. "Haubadiliki nikishika nyuzi" huelekeza kwenye waya unaotoka kwenye chuma kinachoshikilia nyuzi: huenda umekatika. "Unaongezeka nikishika nyuzi" ni onyo la kuacha kupiga, kwani huenda waya za tundu la kebo zimepishana au amplifaya haina ethi. Na mvumo ukibaki hata baada ya kebo kuchomolewa kwenye amplifaya, gitaa halihusiki.

Kutatarika ni kulia kama kitu kinachokaangwa. Sauti hii hukatikakatika, na huja kebo inapotikiswa au kidhibiti cha sauti kinapozungushwa. Chanzo chake ni maungio: lehemu iliyopasuka, jeki iliyolegea, kutu. Katika pwani ya Mtwara, kuanzia Mikindani hadi Msimbati na maingilio ya Mto Ruvuma, upepo wa bahari hubeba chumvi inayokula shaba na chuma, na huko kitenzi hiki kina kazi nyingi.

Kukwaruza kunahitaji tahadhari. Wasikilizaji wa redio huita mikwaruzo ile sauti ya mawimbi yasiyoshika vizuri, ilhali mpiga gitaa anaweza kulitumia neno hilohilo kwa uzi unaogusa freti, jambo lisilohusu umeme hata kidogo. Napendekeza kuandika wazi "uzi unagonga freti". Kipimo ni chepesi: zima amplifaya, piga uzi uleule, na sauti ikiendelea, tazama shingo la gitaa, ambalo mbao yake hujipinda unyevu unapobadilika.

Sasa ethi. Mafundi umeme husema "kufunga ethi", nami sioni sababu ya kulikwepa neno hilo. "Waya wa ardhini" humfanya msomaji afikirie waya uliofukiwa. "Waya wa dunia", ambao tafsiri za mashine hupenda, haueleweki kabisa. Hata hivyo, neno moja hubeba dhana mbili. Ndani ya besi, ethi ni njia ya kurudishia mawimbi ya sauti, ambayo hupita kwenye waya wa kusuka wa nje ya kebo. Ukutani, ethi ni waya wa usalama unaoishia kwenye fimbo ya chuma iliyochimbiwa. Mchanga mkavu wa pwani haupitishi umeme vizuri. Matope ya chumvi ya mikokoni huupitisha, lakini huila fimbo hiyo.

Kuchanganya dhana hizi kunaweza kuua. Nyuzi za besi zimeungwa na ethi, na midomo ya mwimbaji iko karibu na maikrofoni ya chuma. Kimoja kikikosa ethi huku kikiwa na umeme, mwili huwa ndio waya. Mnamo Mei 1972 Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows ya Scotland, alikufa jukwaani Swansea baada ya kugusa maikrofoni isiyo na ethi. Kwa hiyo maelekezo ya kukata pini ya ethi kwenye plagi ili mvumo uishe yasitafsiriwe bila onyo, hasa kwa wanaopiga kwa jenereta. Swichi iliyo kwenye vikasha vya kuunganishia besi na mikisa hutenga waya wa kusuka wa kebo ya sauti tu. Iandikwe "swichi ya kutenga ethi ya mawimbi", kamwe isiwe "swichi ya kuondoa ethi".