Mtoto Mwenye Kipaji na Lugha ya Mtihani: Historia Fupi ya Mchujo Katika Shule za Kongo

Walimu wengi wa shule za msingi mjini Goma wanamfahamu mtoto huyu: hesabu ya sokoni huimaliza kichwani kabla mama yake hajapanga noti, na hadithi ya nyanya yake huisimulia bila kuangusha tukio hata moja; lakini akiulizwa swali kwa Kifaransa hunyamaza. Mimi mwenyewe niliketi dawati moja na mtoto wa namna hiyo. Alirudia darasa mara mbili, kisha akaacha shule. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba ukimya wake una historia, na kwamba swali la nani mwenye kipaji limejibiwa nchini mwetu, tangu ukoloni, kwa kipimo cha lugha.

Enzi ya Wabelgiji, elimu ya Waafrika ilikuwa takriban yote mikononi mwa misheni zilizopewa ruzuku na serikali. Shule za serikali zisizo za dini zilianza kuenea kwa watoto Waafrika baada ya mwaka 1954, wakati wa Waziri Auguste Buisseret. Mchujo rasmi ulikuwa umekwisha kuwekwa na mpango wa mwaka 1948. Baada ya miaka 2 ya mwanzo, watoto waligawanywa: walio wengi waliingia daraja la pili la kawaida, lililowaandaa kwa maisha ya kijijini na kazi za mikono, wachache waliingia daraja la pili teule, lililofungua mlango wa sekondari. Katika daraja hilo teule Kifaransa kilipewa uzito mkubwa. Wasichana, kwa jumla, walielekezwa kwenye kazi za nyumbani. Hivyo hatima ya mtoto iliamuliwa akiwa bado mdogo mno, naye aliyeteuliwa alitengwa na lugha ya wenzake. Matunda ya mfumo huo yalionekana mwaka 1960: nchi ilipata uhuru ikiwa na wahitimu wa chuo kikuu wasiofika 30.

Mageuzi ya mwaka 1962 yaliunganisha shule ya msingi kuwa ya miaka 6 kwa wote, na kukifanya Kifaransa lugha ya kufundishia. Mwaka 1967 ukaja Mtihani wa Serikali, ambao wanafunzi wetu leo huuita Exetat. Tuseme haki: mtihani mmoja kwa nchi nzima ulimweka mtoto wa Goma na wa Kinshasa mbele ya maswali yaleyale, bila kuuliza baba yake ni nani. Hata hivyo mgawanyo wa 1948 haukufutika. Ulihama tu kutoka katika orodha ya madaraja ukaingia katika lugha ya somo, mahali ambapo hauonekani kwa urahisi.

Majirani zetu wa Tanzania walifuata njia nyingine. Mwaka huohuo wa 1967, Mwalimu Nyerere, ambaye naye alisoma katika shule teule ya Tabora, alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea akikosoa elimu inayowajenga wachache, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Baadaye shule za serikali kama Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala na Msalato zilijulikana kuwa shule za vipaji maalumu. Kwa miaka mingi mtoto aliyechaguliwa kuingia huko alikuwa amepimwa kwa Kiswahili. Kweli, akishaingia alikutana na Kiingereza. Lakini mlangoni alipimwa akili yake, si ugeni wa lugha.

Leo sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inazitambua lugha za taifa, Kiswahili kikiwemo, katika ufundishaji, na tangu mwaka 2019 elimu ya msingi ya umma imetangazwa kuwa bila malipo. Mlango umepanuliwa, kipimo bado ni kilekile. Ni wajibu wa idara za Kiswahili kuandaa istilahi, vitabu vya hesabu na majaribio ya madarasa ya chini, ili mwalimu aweze kumwuliza mtoto kwa lugha anayoiwazia. Kutojua Kifaransa si kutojua. Tusipotofautisha mambo haya mawili, tutaendelea kuwapoteza watoto wenye vipaji, huku tukiamini kwamba hatukuwa nao.