Kuchaguliwa au Kuteuliwa: Mwakilishi wa Wanafunzi wa Utabibu katika Historia ya Kongo

Katika Chuo Kikuu cha Bunia, kama katika vyuo vingine vya Kongo vinavyofundisha utabibu, kila darasa, yaani promosyo, huwa na sefu wake, ambaye kwa desturi huchaguliwa na wenzake. Kazi zake huonekana ndogo: kupokea matangazo, kupatana na maprofesa juu ya siku za mitihani, kufikisha malalamiko kwa wakuu wa kitivo. Hata hivyo, cheo hiki hakieleweki vema pasipo kuirudia historia. Lugha yenyewe yatoa dokezo. Katika matumizi ya kiserikali, kuchagua ni tendo la wengi kwa njia ya kura, na kuteua ni tendo la mkubwa mmoja. Uwakilishi wa wanafunzi nchini Kongo umekuwa mvutano kati ya vitenzi hivi viwili.

Chini ya utawala wa Wabelgiji, Mkongo aliyesomea tiba nchini mwake aliishia kwenye daraja la tabibu msaidizi. Njia ya udaktari kamili ilifunguka pale Chuo Kikuu cha Lovanium kilipoanzishwa karibu na Léopoldville mwaka 1954. Uhuru ulipopatikana tarehe 30 Juni 1960, chuo hicho kilikuwa bado hakijatoa daktari mzalendo hata mmoja. Kwa hiyo mwanafunzi wa utabibu alikuwa mtu aliyengojewa na taifa zima, na sauti yake ilikuwa na uzito.

Mwaka 1961 wanafunzi waliunda umoja wao wa kitaifa, UGEC. Mwaka 1964 wale wa Lovanium waligoma wakidai kushirikishwa katika uendeshaji wa chuo. Dai hilo halikuvumiliwa kwa muda mrefu. UGEC ilipigwa marufuku mwaka 1968. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi waliandamana Kinshasa, wakidai pamoja na mengine nyongeza ya fedha za masomo, na askari wakawafyatulia risasi. Miaka miwili baadaye, walipowakumbuka wenzao waliokufa, wanafunzi wa Lovanium waliingizwa jeshini. Mwezi Agosti 1971 vyuo vikuu vitatu vya nchi viliunganishwa kuwa kimoja, UNAZA, kilichodumu hadi 1981. Kazi ya kuwasemea wanafunzi iliwekwa mikononi mwa JMPR, tawi la vijana la chama tawala. Mjumbe akawa wa chama kabla ya kuwa wa wenzake.

Matokeo yake yalidhihirika Lubumbashi mwezi Mei 1990, majuma machache baada ya Mobutu kutangaza mwisho wa chama kimoja. Wanafunzi waliwapiga wenzao walioshukiwa kuwa wapelelezi wa serikali. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12, watu wenye silaha wakakivamia chuo na kuua. Pale ambapo msemaji hakuchaguliwa na anaowasemea, kila jirani hugeuka mtu wa kushukiwa.

Kwa wanafunzi wa utabibu jambo hili lina uzito wa pekee. Masomo yao ni marefu, na promosyo hukaa pamoja miaka mingi. Aidha, awapo hospitalini kwa mafunzo, mwanafunzi ni mwenye kujifunza na ni mfanyakazi kwa wakati mmoja. Akigoma, anayeumia kwanza ni mgonjwa. Silaha yake iliyobaki ni mazungumzo, na mazungumzo huhitaji mtu anayeaminiwa na pande zote mbili.

Mkoa wa Ituri, ambao mwezi Mei 2021 uliwekwa chini ya uongozi wa kijeshi, waijua vema tofauti ya kutawaliwa na kuwakilishwa. Kura zinazohesabiwa ubaoni mwanzoni mwa mwaka wa masomo huko Bunia ni chache, lakini wenzao wa Lovanium walinyimwa hata hizo. Yampasa sefu wa promosyo akumbuke zimetoka wapi, hasa siku atakapotakiwa kuwanyamazisha waliompa.