Kiseyeye, machungwa na merikebu iliyoteketezwa Tongoni

Januari 1499, mabaharia wa Kireno waliichoma moto merikebu yao wenyewe mbele ya mji wa Mtangata, kusini mwa Tanga, mahali wataalamu wanapopatambua leo kuwa Tongoni. Hawakuwa vitani. Mikono ya kuiendesha merikebu ndiyo iliyokwisha, kwa kuwa mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa kiseyeye.

Wageni wanaofika Tongoni huja kuona magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya 40, mengi yake yakiwa na nguzo. Mawe hayo yana haki ya kusifiwa. Lakini bahari iliyo mbele yake ina kisa chake, nacho kinahusu ugonjwa ambao dawa yake ilikuwa ikiota kwenye mashamba ya pwani hii, huku sababu yake ikichukua zaidi ya miaka 400 kujulikana.

Merikebu hiyo, São Rafael, ilitoka Lisbon Julai 1497 katika msafara wa Vasco da Gama wa kwenda India, nahodha wake akiwa Paulo, ndugu yake Vasco. Januari 1498, wakiwa pwani ya Msumbiji, mabaharia walianza kuvimba mikono na miguu, na fizi zao zikaota hadi kufunika meno. Mwanzoni mwa Aprili, kabla ya alfajiri, São Rafael ilipanda fungu karibu na Mtangata. Wareno walilipa fungu hilo jina la merikebu yao, na milima waliyoiona upande wa bara, yaani Usambara, wakaipa jina hilohilo.

Maji yalipokupwa na merikebu ikakaa juu ya mchanga, mitumbwi miwili ilitoka kuwaendea. Mmoja ulikuwa umesheheni machungwa, na mwandishi wa kumbukumbu za safari aliyaona bora kuliko ya kwao Ureno. Walipofika Mombasa, nako walipelekewa kondoo, machungwa, malimau na miwa. Wagonjwa wakapona. Mwandishi yule alimshukuru Mungu, kisha akasifu hewa nzuri ya Mombasa.

Dawa iliingia kinywani, sifa ikaiendea hewa. Kosa hilo lilikuwa na gharama kubwa. Wakirudi kutoka India walikaa baharini karibu miezi mitatu bila kugusa nchi kavu, na watu 30 wakafa. Kila merikebu ilibaki na watu saba au wanane wenye nguvu ya kufanya kazi. Walipofika Malindi waliagiza machungwa upesi, kwa kuwa wagonjwa wenyewe waliyatamani sana, lakini wengine walikuwa wamezidiwa mno. Tarehe 13 Januari walifika kwenye fungu lao la zamani, wakahamisha shehena ya São Rafael na kuitia moto merikebu hiyo. Walikaa hapo kama wiki mbili, na watu wa mjini waliwaletea kuku, wakabadilishana kwa mashati na bangili.

Hamu ya mgonjwa ilikuwa imeitangulia elimu ya tabibu. Mwaka 1747 daktari James Lind wa jeshi la majini la Uingereza aliwagawa mabaharia 12 wagonjwa wawili wawili, kila jozi akaipa tiba yake. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona haraka. Hata hivyo jeshi hilo lilingoja hadi 1795 kuagiza maji ya limau kwa mabaharia wake.

Kisha dawa ikapotea tena. Katika karne ya 19 Waingereza waliacha malimau na kuchukua ndimu za makoloni yao ya Karibi. Matabibu wengi waliamini kwamba kinachoponya ni ukali wa tunda, na ndimu ni kali. Kiseyeye kilirudi kwenye safari za ncha za dunia, na baadhi ya wataalamu wakaanza kusema kinatokana na nyama iliyoharibika. Ilikuwa 1918 ndipo Harriette Chick na wenzake, kwa majaribio ya wanyama jijini London, walipoonyesha kwamba maji ya ndimu yana nguvu ndogo sana ikilinganishwa na ya limau.

Kilichotafutwa kilipatikana hatimaye. Mwaka 1928 Albert Szent-Györgyi alitenga asidi fulani kutoka kwenye tezi za ng'ombe na kwenye mimea, na 1932 ikathibitika kuwa ndiyo vitamini C, asidi askobiki. Mwili wa binadamu hauwezi kuitengeneza. Ikikosekana, vimeng'enya vinavyoimarisha kolajeni hukwama, fizi huvuja damu, na makovu ya zamani hufunguka. Utengenezaji wa kanitini, inayosaidia mwili kupata nguvu kutoka kwenye mafuta, nao huzorota. Upungufu mmoja huvuruga metaboliti nyingi, yaani kemikali ndogondogo zinazotokana na kazi za mwili.

Szent-Györgyi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1937. Mwaka huohuo, katika hatua iliyokuja kuwezesha metaboliti hizo kupimwa, Arne Tiselius wa Sweden alitangaza chombo chake cha kutenganisha protini kwa umeme, njia iitwayo elektroforesisi. James Jorgenson na Krynn Lukacs, huko Marekani, waliihamishia kwenye mrija mwembamba wa kioo mwaka 1981, na 1987 kundi la Richard Smith likauunganisha mrija huo na spektrometa ya masi. Mwaka 2003 Tomoyoshi Soga na wenzake wa Chuo Kikuu cha Keio, Japani, waliitumia njia hiyo kuona metaboliti zaidi ya 1,600 katika bakteria wa aina moja.

Inavyofanya kazi ni hivi. Mrija wenye uwazi wa ndani wa takriban mikromita 50, uwazi ulio mwembamba kuliko unywele wa kawaida, hujazwa kimiminika na kutiwa umeme unaoweza kufika volti 30,000. Sampuli yake ni nanolita chache tu. Ioni ndogo zenye chaji kubwa hutangulia, nyingine hufuata. Kila kundi likitoka hupuliziwa ndani ya spektrometa, nayo hutambua masi yake. Asidi sitriki, inayolipa tunda ukali, ina masi ya molekuli 192, na asidi askobiki ina 176. Hata asidi isositriki, yenye masi sawasawa na sitriki, hutenganishwa nayo ndani ya mrija. Ukali na dawa, vilivyochanganywa kwa zaidi ya karne nzima, husomwa kila kimoja peke yake katika kipimo kimoja.

Elimu hii inaihusu Tanga moja kwa moja. Muheza, jirani wa Tongoni, ni nchi ya machungwa, na mibuyu ya pwani hutoa ubuyu wenye vitamini C nyingi. Lakini vitamini hiyo huharibika upesi kwa joto na hewa, na ulimi hauwezi kutambua kwamba imepungua, kwa kuwa ukali unabaki palepale. Wareno walipotezwa na hewa, Waingereza wakapotezwa na ladha. Sisi tuna njia ya kupima, basi tuitumie. Chungwa la Muheza, ubuyu, ukwaju na embe vipimwe hapa nchini, vikiwa vibichi na baada ya kuchemshwa, ili mama anayemtengenezea mtoto juisi ajue ni nini hasa kilichobaki kikombeni.