Mimba Ilipokuwa Kosa la Kufungwa Unguja

Mwaka 1866 habari ilipita kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe kwa minong'ono: Bibi Salme, binti wa marehemu Sultani Said bin Sultan, ni mja mzito. Baba wa mtoto ni Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Kijerumani, jirani yake. Ndoa hakuna. Agosti mwaka huo, usiku, Salme akapanda manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer na kukimbilia Aden, akajifungulia huko mwezi Desemba. Ruete alibaki Unguja akimalizia shughuli zake za biashara. Alimfuata mwaka uliofuata, wakaoana Mei 1867.

Salme aliondoka kwa kificho na mimba tumboni. Mwanamume akaendelea kuuza na kununua mjini. Kila anayesimulia kisa cha Salme huzungumzia mapenzi. Tofauti hiyo kati ya wawili wale haizungumzwi sana, na ndiyo iliyokuja kuandikwa kwenye sheria karne moja na ushei baadaye.

Mwaka 1985 Zanzibar ilitunga sheria iliyopewa jina la kuwalinda wari. Chini yake, msichana asiye na mume aliyeshika mimba aliweza kuhukumiwa kifungo cha hadi miaka 2. Agosti ya mwaka huo huo Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa kila aina ya ubaguzi dhidi ya wanawake. Mambo hayo mawili yaliishi chini ya bendera moja kwa miaka 20.

Haikuwa mara ya kwanza kwa dola kuingilia miili ya wanawake visiwani. Septemba 1970, wakati wa Mzee Abeid Karume, wasichana wanne wenye asili ya Uajemi waliozeshwa kwa nguvu kwa wakubwa wa serikali, na kilio chao kikasikika hadi nje ya Afrika. Sheria ya 1985 ilikuja kwa utaratibu zaidi, ikiwa na vifungu na mahakimu, na pengine ndiyo maana ilidumu.

Tatizo lake kubwa lilikuwa la ushahidi. Tumbo linaonekana. Mwanamume aliyelisababisha akikana, lilibaki neno lake dhidi ya neno la msichana, katika zama ambazo kipimo cha vinasaba hakikuwapo hapa. Kwa fiqhi ya Kishafii inayofuatwa na makadhi wa Zanzibar, mtoto wa nje ya ndoa nasaba yake ni kwa mama; kwa baba hapati jina wala urithi. Kwa hiyo mama alibeba mimba, akabeba aibu, akabeba mtoto, na juu ya hayo sheria ikamwekea kifungo.

Sasa mfikirie msichana huyo kwenye benchi la kliniki. Kadi ya mjamzito inauliza jina, umri, anakoishi, mimba ya ngapi, tarehe ya hedhi ya mwisho. Kwa mke wa mtu hayo ni maswali ya kawaida. Kwa asiyeolewa, kila mstari ulikuwa ungamo la kosa la jinai, limeandikwa na kutunzwa na watumishi wa serikali. Anayeogopa kadi hapimwi presha wala damu, na hakuna anayegundua mapema kwamba mtoto amekaa vibaya. Mwingine atatafuta dawa za kienyeji za kuitoa mimba, jambo ambalo nalo ni kosa la jinai. Sheria inayomfukuza mjamzito kwa mkunga haiwezi kusemwa inamlinda.

Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 Unguja ilikuwa na watu wa kulisema hilo kwa lugha ya kisheria. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kilikuwapo tangu 1992, na wanasheria wanawake waliunda jumuiya yao, ZAFELA, mwaka 2003. Mwaka 2005, katika urais wa Amani Abeid Karume, Baraza la Wawakilishi lilipitisha sheria mpya, Namba 4 ya mwaka huo, na ile ya 1985 ikafutwa. Kifungo kikaondoka.

Adhabu haikuondoka. Mahali pa kifungo pakawekwa kazi za kuitumikia jamii, na kosa likabaki kosa. Ilikuwa hatua kubwa, maana mama alilala kwake na mwanawe. Lakini ilikuwa nusu ya safari.

Skuli zilifuata. Kuanzia 2010 Zanzibar iliruhusu wasichana waliojifungua kurudi darasani, wakati Bara, baada ya tamko la Rais John Magufuli mwaka 2017, milango ilikazwa hadi Novemba 2021. Mapema 2018 wanafunzi wajawazito walikamatwa Tandahimba, mkoani Mtwara. Kwa hiyo mambo ya 1985 si ya kale kama yanavyosikika.

Wapo pia wanawake walioko ndani kwa makosa mengine, kwenye Vyuo vya Mafunzo, kama magereza yanavyoitwa Zanzibar. Desemba 2010 Umoja wa Mataifa ulipitisha Kanuni za Bangkok, 70 kwa idadi. Zinataka pedi zitolewe bure, na mwanamke asifungwe pingu wala minyororo akiwa katika uchungu, anapojifungua au mara tu baada ya kujifungua. Itifaki ya Maputo, iliyopitishwa na Umoja wa Afrika mwaka 2003 na ambayo Tanzania imeiridhia, nayo inadai mazingira yanayofaa kwa wajawazito na wanaonyonyesha walioko kizuizini.

Bajeti ya Vyuo vya Mafunzo inapofika mbele ya Baraza la Wawakilishi, wajumbe waulize fungu la pedi liko wapi, la chakula cha wanaonyonyesha liko wapi, na ni gari gani litakalomtoa mzazi kizuizini saa nane za usiku kumpeleka hospitali ya Mnazi Mmoja.