Zawadi katika klabu za wasikilizaji: nani anakuja, nani anabaki

Klabu ya wasikilizaji ni kundi la watu wa kijiji ao avenyi moja wanaokutana kila juma, wanasikiliza kipindi cha redio pamoja, wanakijadili, kisha wanarudishia redio maswali na mawazo yao. Redio za jamii huku mashariki ya Kongo zinazitegemea sana. Bila klabu, mtangazaji anaongea na mikrofoni yake. Na karibu kila klabu, siku moja ao ingine, inafika kwenye jambo la zawadi: watoe sabuni, kitenge, unite za telefone ao redio ndogo, ili watu waje?

Si jambo dogo fasi ambapo mashirika yamepita miaka mingi yakilipa pesa ya transpori kwa kila mkutano. Watu wamejifunza kupima mkutano kwa kile kinachotoka ndani yake. “Leo kuko kitu?” ndilo swali la mlangoni, na anayeliuliza hana kosa. Mama aliyeacha shamba ao meza yake ya soko kwa saa mbili amepoteza kitu cha kweli.

Kwamba zawadi ndogo inavuta watu, hilo limepimwa. Huko Udaipur, nchini India, watafiti akiwemo Esther Duflo na Abhijit Banerjee walifuata chanjo za watoto katika vijiji 134. Fasi ambapo hakukufanywa kitu kipya, watoto waliomaliza chanjo zote walikuwa 6 kwa 100. Fasi ambapo wauguzi walikuja kila mwezi bila kukosa, walifika 18. Na fasi ambapo, juu ya hiyo, mzazi alipewa kilo moja ya dengu kwa kila chanjo, na sahani za chuma mtoto akimaliza, walifika 39. Lakini tuangalie ni kazi gani ililipwa. Chanjo ni tendo linaloonekana, lina mwanzo na mwisho. Mtoto akisha kuchanjwa, amechanjwa, hata kama mamake alifuata dengu tu. Klabu haiko hivyo. Mtu anayekuja juu ya sabuni anaweza kukaa saa mbili bila kusikia neno moja, na jina lake likaandikwa kwenye daftari kama la wengine.

Kuko pia upande mwingine, na huo ndio unaoua klabu. Mwaka 1973, Mark Lepper na wenzake wawili walitoa matokeo ya jaribio na watoto wa shule ya chekechea huko Stanford, Marekani, watoto waliopenda kuchora wenyewe. Wengine waliahidiwa cheti kizuri wakichora. Wengine walipewa cheti hicho kwa kushtukizwa. Wengine hawakupewa kitu. Siku za nyuma, walipoachwa wachague mchezo, wale walioahidiwa walichora karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Waliopewa bila kutazamia hawakupoteza hamu yao. Mwanaklabu si mtoto wa chekechea, ni kweli, lakini animatere yeyote aliyeona kikao kikibaki na watu watano baada ya mradi kufunga ataelewa haraka.

Njia moja ya kutoka humo imejaribiwa hapa kwetu. Kuanzia mwaka 2006 shirika la FAO, kupitia mpango wake Dimitra, liliunga mkono klabu za wasikilizaji katika Kivu ya Kusini pamoja na Samwaki, jina linalotokana na Sauti ya Mwanamke Kijijini. Klabu zilipewa redio za jua ao za kuzungusha kwa mkono, na redio ilikuwa ya kundi zima, haikuwa ya mtu. Zawadi ya namna hiyo inalazimisha watu kukutana ili waitumie. Betri, daftari, kutengenezewa redio iliyokufa: vyote viko upande huo, na ni bei ndogo kuliko tisheti za klabu nzima.

Kama klabu inataka tombola hata hivyo, basi iwe nadra, isitangazwe mbele, na ifanywe mbele ya wote, mtoto mmoja akichota karatasi. Wanakamati majina yao yasiingie. Bei ya kitu isomwe pamoja na fasi pesa ilikotoka, kwa sababu uvumi wa “bale ba kamati banajigawiaka benyewe” ukianza, hakuna kitenge kinachoweza kuuzima. Mashindano ya “wa kwanza kupiga telefone” yanafaa kuachwa kabisa: wanashinda walio na unite na reso nzuri, na katika nyumba nyingi telefone inashikwa na baba. Jibu lililoandikwa na klabu nzima na kupelekwa redioni linafungua mlango hata kwa mama asiyekuwa na telefone.

Na kwa usalama: aliyepata zawadi kubwa jina lake na kartie yake visisomwe hewani. Usiku wezi nao wanasikiliza redio.

Wakati wa uchaguzi ni hatari ya aina yake. Mgombea anakuja na mifuko ya chumvi, anaomba tu “kusalimia wasikilizaji”. Klabu ikipokea, tangu siku hiyo inajulikana kwa jina lake, na wale wanaomchagua mwingine hawarudi tena. Afadhali katazo hilo liandikwe katika sheria za klabu mapema, kabla mgombea yeyote hajafika mlangoni.

Klabu iliyokwisha kuzoea kupewa haifai kukatiwa ghafula bila neno. Animatere aseme wazi mbele ya wote kuko nini na kimebaki ngapi, kisha wanaklabu waamue wenyewe kitumike namna gani: kiishe pole pole, ama kiuzwe pesa iingie kwenye kasha la likelemba. Wengine watatoka, na wasifuatwe. Wakibaki wanane, wanane hao waandikwe upya kwenye daftari, na kipindi cha juma linalofuata kijibu swali waliloleta.